Alivyoona Karani

Cleveland, Ohio
19 Februari 2023

Dada Corinthia,

Tumekubaliana kuandikiana kwa sababu kwenye simu hatufiki mbali: wewe husema nakukatiza, mimi husema umenikatia. Basi naanza mimi, na nitajitahidi kumaliza kila sentensi kabla sijaingia nyingine. Wewe una saa nne kwenye kile kiti cha kusafishia damu, mara tatu kwa wiki, mkono wa kushoto ukiwa wa mashine na wa kulia ukiwa wako. Huna kisingizio.

Nina habari mbili. Ya kwanza: vipimo vya awali vimetoka, na damu yangu inapatana na yako. Kilichobaki ni kupima figo zangu zenyewe, kuona kama moja inaweza kutolewa bila kuiacha nyingine ikihangaika. Mratibu wa upandikizaji wa hapa ni mwanamke mpole anayeongea nami kana kwamba nanunua friji. Anasema ndugu wa tumbo moja ndio anaowapenda zaidi.

Ya pili inahitaji maelezo. Daktari anapotaka kujua figo za mtu zinachuja kwa kiasi gani, hupima kreatinini, ile taka ya misuli iliyobaki kwenye damu, kisha anaiingiza kwenye hesabu inayotoa namba. Namba ikiwa kubwa, figo ni nzima. Kwa zaidi ya miaka ishirini hesabu hiyo ilikuwa na hatua ya mwisho: mgonjwa akiwa mweusi, namba yake ilipandishwa kwa karibu sehemu ya sita. Sababu iliyotolewa ni kwamba miili yetu ina misuli mingi zaidi. Mtu huanza kuhesabiwa kwenye foleni ya figo namba yake inapofika ishirini au kushuka zaidi. Unaona kilichotokea. Mweusi aliyekuwa na kumi na tisa alisomeka ishirini na mbili, akaambiwa arudi nyumbani apunguze chumvi.

Hatua hiyo imefutwa. Tena hospitali zote za upandikizaji zimeamriwa kupitia foleni zao na kuwarudishia wagonjwa weusi muda ambao wangekuwa wameusubiri. Mwaka 2017 Daktari Bullock alikwambia una ishirini na mbili. Nimeirudisha nyuma hesabu yake: ulikuwa na kumi na tisa. Kwenye foleni umehesabiwa tangu ulipoanza mashine, mwaka 2020. Kwa hiyo unadai miaka mitatu, na miaka mitatu kwa mtu anayesubiri figo ni tofauti ya kuipata na kutoipata.

Sina hakika niiite nini. Asubuhi naiita haki. Jioni naona ni kosa la hesabu lililosahihishwa na walewale waliolifanya, na waliokufa katikati hawamo kwenye jedwali lolote. Hata hivyo, ichukue. Barua yao imekufikia?

Mdogo wako,
Arnetta


Pitchford, North Carolina
7 Machi 2023

Arnetta,

Barua yako nimeisoma mara mbili, ya pili kwa sauti, maana Purvis wa kiti cha pili alishaanza kuichungulia. Purvis Dancy ndiye aliyekuwa akiendesha basi la shule mpaka sukari ikamchukua mguu. Ameniuliza kama naandika wosia. Nikamwambia sina cha kurithisha ila sufuria za Mama. Akasema basi aandikwe kwenye ile ya kukaangia kuku.

Habari ya misuli imemfurahisha sana. Aliutazama mkono wangu uliolala kwenye mto, mwembamba kama fimbo ya pazia, akasema, "Bi. Corinthia, kumbe ulikuwa mnyanyua vyuma na hukutuambia."

Daktari Bullock simlaumu. Alikuwa akiniambia, "Figo zetu sisi ni ngumu, Bi. Corinthia, ni presha tu inayotuonea," na alisema kwa fahari, kama mtu anayesifu kwaya ya kanisa lake. Naye ni mweusi. Hesabu hiyo aliikuta shuleni, akaitumia kwetu sote, mpaka kwa mkewe.

Uliniuliza siku ile najisikiaje, nami nikakata simu. Jibu ni kwamba sijisikii. Nakuja, napimwa uzito, sindano mbili zinaingia, damu inatoka na kurudi ikiwa imepoa kidogo. Napimwa uzito tena, naenda kulala. Ule mshipa waliouunganisha mkononi unavuma kama nyuki ndani ya chupa, nikiulalia nausikia. Sukuma wiki nimekatazwa, viazi vitamu, nyanya, maharage, machungwa. Mwanzoni nilivitamani. Siku hizi napita sokoni navitazama kama picha ukutani.

Barua haijafika. Posta ya hapa unaijua.

Corinthia


Cleveland
16 Aprili 2023

Dada Corinthia,

Posta ya huko inaleta vitabu vya bei za mbegu kila wiki. Haiwezi kushindwa na barua ya hospitali. Nimeulizia utaratibu. Barua ya kwanza, ya kueleza mabadiliko, imetumwa kwa kila mtu aliye kwenye foleni. Ya pili itatumwa kwa kila aliyeandikishwa kama mweusi, kumwambia kama amerudishiwa muda na ni kiasi gani. Hakuna namna ya kukupita. Wapigie.

Mimi nimemaliza zamu yangu ya kipimo. Kwa siku nzima nilikusanya mkojo kwenye dumu la rangi ya chungwa na kulihifadhi kwenye friji, pembeni ya maziwa. Miaka thelathini nafundisha takwimu, na hiyo ndiyo data ya kwanza niliyowahi kuibeba kwenye basi kwa mikono miwili.

Nikiwa kwenye basi nilimfikiria Mama na presha yake. Unakumbuka alivyosema "presha ni ya kwetu," kama mtu asemaye nywele ni za kwetu. Nilipokuwa mwanafunzi nilisikia nadharia kwamba waliovuka bahari wakiwa wamefungwa minyororo na kubaki hai ni wale ambao miili yao ilishikilia chumvi, na kwamba sisi wajukuu tunaishikilia mpaka leo. Niliipenda. Iliipa presha ya Mama ukuu fulani. Sasa naitilia shaka. Ushahidi wake ni mwembamba, na inamruka Mama mwenyewe: ghala la tumbaku alilosimama tangu akiwa na miaka kumi na mitatu, nyama ya nguruwe ya chumvi iliyokuwa ndiyo chakula kilichopo, namna alivyokaza taya kila mzungu alipomwita kwa jina la kwanza. Alipopigwa na kiharusi alikuwa na miaka hamsini na tisa. Sijui ni chumvi ipi iliyomwua.

Lakini hata shaka yangu naishuku. Kukataa kila tofauti kunaweza kuwa namna nyingine ya kutotazama.

Wapigie, tafadhali.

Mdogo wako,
Arnetta


Pitchford
20 Juni 2023

Arnetta,

Barua ya kwanza ilifika zamani. Iko kwenye droo ya vijiko. Ya pili haijaja na haitakuja. Nitakueleza jinsi Purvis alivyonitoa maneno, kisha usiniulize tena.

Alikuja na yake kwenye mfuko wa shati, amevaa na tai. "Wamenirudishia minne," akatutangazia wote. "Nimeongezewa miaka minne bila kuamka mapema hata siku moja." Muuguzi akamwambia atulie, sindano itakwenda kombo. Akatulia kidogo, kisha akanigeukia.

"Na yako?"

Nikasema bado.

"Bado vipi? Mimi na wewe hospitali moja." Akanitazama. Alitazama nywele, kisha mikono, kisha macho, kama mtu anayekagua gari kabla ya kulinunua. "Bi. Corinthia. Usiniambie walikuandika mweupe."

Nikageukia televisheni.

Alicheka mpaka mashine yake ikapiga kengele na muuguzi akaja kumgombeza. "Maisha yangu yote," akasema akijifuta machozi, "ndiyo mara ya kwanza kuona mtu kapoteza kitu kwa kuwa mweupe."

Basi ndivyo ilivyo. Siku ya kwanza kule hospitali ya upandikizaji, karani alinitazama mara moja, akabonyeza, akaniuliza habari za bima. Hakuniuliza mimi ni nani. Niliona alichobonyeza, nikanyamaza. Sikunyamaza kwa kupanga, Arnetta. Ilitoka kama amina. Wewe na mimi tulilelewa na mtu mmoja. Mama alisema karani akikuandika alivyoona mwache, chukua dawa uje nyumbani.

Daktari Bullock alinijua mimi ni nani, akanizidishia. Hospitali hainijui, haiwezi kunirudishia. Nimekaa katikati.

Usiniambie niende. Nina miaka sitini na sita. Niende dirishani niseme nini, na nianzie wapi?

Corinthia


Cleveland
28 Juni 2023

Corinthia,

Nimeisoma barua yako mara kadhaa nikitafuta hasira na sijaipata. Nimepata duka la dawa la Tharpe.

Ulikuwa na miaka tisa, mimi sita. Mama alikutuma wewe uingie kwa mlango wa mbele kuchukua vidonge vyake vya presha, kwa sababu wewe ulihudumiwa mara moja, na kama tungeingia yeye na mimi tungesimama mpaka weupe wote wamalize. Mimi niliwekwa pembeni ya ukuta, karibu na mapipa ya taka. Niliambiwa nisikuite dada. Ukitoka, ulinipita kama hunijui, nami nilikufuata kwa mbali mpaka tukavuka reli, na huko ndiko uliponishika mkono.

Sikuwahi kukulaumu. Angalau ndivyo nilivyoamini mpaka juzi. Ulikuwa mtoto, na vidonge vilikuwa vya Mama. Baba mmoja, mama mmoja, na ngozi mbili ambazo hakuna aliyezichagua. Nimelifikiria jambo hili kwa utulivu mwingi, labda mwingi kupita kiasi, maana mtu anayelifikiria jambo kwa miaka hamsini na saba hawezi kusema limekwisha.

Hoja yangu ni nyingine. Watu wa aina yako ya damu husubiri miaka mingi, na mashine huuchosha moyo huku ikiokoa mwili. Ukiongezewa mitatu, unaweza kuitwa hivi karibuni. Usipoongezewa, sijui, na kazi yangu ni kujua mambo kama haya. Kinachotakiwa ni neno moja ambalo ni kweli. Umeuliza uanzie wapi. Anzia na jina la Mama.

Kuhusu figo yangu, bado wanahesabu.

Arnetta


Pitchford
12 Septemba 2023

Arnetta,

Nimechelewa kukujibu. Leo mkono uko huru.

Kiti cha pili amekaa mwanamke anayefuma. Purvis alifariki nyumbani, Jumapili ya mwisho ya Agosti, katika zile siku mbili za mapumziko ambazo maji hujaa mwilini na mashine imefungwa. Mazishi yalikuwa makubwa. Watoto wote aliowabeba kwenye basi walikuja, wengine wana mvi. Walimvika tai ileile. Barua ya miaka minne mkewe anayo. Aliniuliza kama kuna mahali pa kuirudisha.

Nilitazamia kulia nikashindwa. Nilipeleka mikate miwili ya mahindi na kuku, nikakaa, nikarudi. Siku iliyofuata nilipimwa uzito nikaonekana nimezidi kidogo, muuguzi akaniuliza kama nilikula msibani. Nikasema ndiyo. Hayo tu.

Hospitali sijaenda.

Habari za mapipa nimezisoma. Mimi nakumbuka mlango wa Tharpe ulikuwa na kengele, na nilikuwa naogopa kwamba ikilia utadhani ni ruhusa ya kuniita.

Umesema bado wanahesabu. Mkojo ulipeleka Aprili, na sasa ni Septemba. Hata posta ya Pitchford haiendi polepole kiasi hicho. Niambie.

Corinthia


Cleveland
1 Oktoba 2023

Dada Corinthia,

Walimaliza kuhesabu mwezi Mei. Nimekuficha kwa miezi mitano, na nilipokuwa nikikuhimiza wewe useme neno moja la kweli nilikuwa nalo langu mfukoni.

Sikufaa. Kwa miaka yote daktari wangu wa hapa aliniambia figo zangu ni za mwanamke wa umri wangu, hakuna la kuhofia. Alikuwa akizidisha. Walipoupima ule mkojo wenyewe, pasipo kumwuliza mtu rangi, wakakuta hamsini na nne. Mchangiaji anatakiwa kuwa mbali juu ya hapo. Mratibu wa friji alinishika bega. Akasema, "Bi. Speight, hatuwezi kuchukua chochote kwako. Wewe mwenyewe unahitaji kliniki."

Kwa hiyo hesabu ileile iliyokucheleweshea foleni ndiyo iliyonidanganya kwamba nina cha kukupa. Ilipofutwa, wewe unapata miaka na mimi nakosa figo. Ningekuwa darasani ningewaambia wanafunzi watazame jinsi kosa moja linavyoweza kuelekea pande mbili. Sikuwa darasani, nilikuwa kituo cha basi.

Kuna jambo la pili. Wamenipima jeni. Iko moja ambayo wengi wenye asili ya Afrika Magharibi wanayo. Inasemekana iliwakinga mababu na malale. Ukiirithi kutoka kwa mzazi mmoja, huna neno. Ukiirithi kutoka kwa wote wawili, figo ziko hatarini zaidi. Mimi ninazo mbili. Inawezekana sana nawe unazo, kwa sababu wazazi wetu ni walewale. Weusi wengi hawana hata moja, na hiyo jeni haina habari na ngozi ya mtu. Ingeweza kutupita sote wawili au kutukamata sote wawili, na karani akitutazama asione kitu.

Basi tofauti ipo, au haipo? Nimebadili jibu mara tatu tangu Mei. Ipo, lakini si pale walipoitafuta. Au ipo pale, kwa sababu watu waliotazamwa kwa rangi wameishi kwa rangi, wamekula kwa rangi, wamekaza taya kwa rangi, na mwili umeandika yote. Sentensi hii ya mwisho ni nzuri mno. Mimi huzishuku sentensi zangu zinapokuwa nzuri.

Sikukwambia kwa kuwa nilitaka uendelee kunihesabu. Sasa usinihesabu. Imebaki foleni tu.

Mdogo wako,
Arnetta


Pitchford
5 Desemba 2023

Arnetta,

Nilienda Alhamisi, siku isiyo ya mashine. Nilivaa gauni la kijivu la Siku ya Akina Mama.

Dirishani alikuwapo binti mweusi, kucha ndefu zenye vito, si yule karani wa zamani. Nilimwambia nataka kurekebisha jambo kwenye kumbukumbu zangu. Akaniuliza ni anwani au bima. Nikasema si hayo. Nyuma yangu kulikuwa na mzee mwenye mkongojo na mkewe, wakisikiliza bila kujificha.

"Mama, hapa panasema mweupe," akasema.

"Najua panavyosema. Mama yangu ni Lucinda Speight wa Pitchford. Baba yangu ni Hosea Speight. Mimi ni mweusi."

Akainua macho. Akanitazama, kisha akatazama juu ya bega langu, kama anayetafuta kuna nani mwingine niliyekuja naye. Hapakuwa na mtu. Nilikufikiria wewe.

"Kuna mtu alikosea?" akauliza.

"Aliandika alivyoona. Mimi nilimwacha."

Alikaa na kidole juu ya kitufe. "Bibi yangu alikuwa na rangi kama yako," akasema polepole.

"Alikuwa akiwaambiaje?"

"Hakuwa akiwaambia."

Akabonyeza. Nilidhani nitasikia kitu. Nilisikia kiyoyozi. Mzee wa mkongojo alikohoa, mkewe akamwambia asogee mbele.

Muuguzi wa upandikizaji aliniita ndani, akatafuta majibu yangu ya 2017 kwa Daktari Bullock. Waliyapata siku ileile. Yalikuwapo muda wote. Tarehe yangu sasa inaanza Mei 2017. Alinipongeza. Nikamwuliza kama kuna wengine kama mimi. Akasema hajui, maana kompyuta haiwezi kumtafuta mtu asiyejitaja.

Kuhusu hamsini na nne yako nimekaa nayo wiki nyingi. Nilijiuliza kwa nini sishtuki. Nadhani nilishajua; wewe huandika sana unapoficha. Umekwenda kliniki?

Corinthia


Cleveland
14 Januari 2024

Dada Corinthia,

Mei 2017. Nimeiandika kwenye karatasi na kuibandika ubaoni ofisini, bila maelezo. Wanafunzi wanadhani ni tarehe ya mtihani wa zamani.

Kliniki sijaenda. Nimepewa miadi mara mbili nikaiacha ipite. Mara ya pili nilifika mpaka mlangoni. Kupitia kioo niliona dirisha la mapokezi na mwanamke nyuma yake, na watu wamesimama kwa utaratibu, nikabaki nje karibu na ukuta kama niliyeambiwa nisubiri hapo. Nilisubiri nusu saa. Hakuna aliyetoka kunichukua, kwa kuwa hakuna aliyekuwa ndani kwa ajili yangu. Kisha nikapanda basi.

Nakuandikia kama jambo lililotokea tu. Sijui maana yake, na safari hii sitajaribu kuitafuta. Presha yangu wiki hii ilikuwa mia na sabini juu. Muuguzi wa chuo aliipima mara mbili, akaniuliza kama nimekimbia.

Mdogo wako,
Arnetta


Hospitalini
9 Machi 2024

Arnetta,

Mwandiko huu umepinda kwa sababu naandika nimelala. Mchungaji Ruffin wa kanisa letu alikupigia nilipoingizwa, kwa hiyo kubwa unalijua. Haya ni madogo.

Waliniita nikiwa kwenye kiti, damu yangu nusu ikiwa nje. Muuguzi alileta simu mkononi mwake, uso umembadilika. Yule mwanamke wa kufuma akaacha kufuma. Nilisema ndiyo, nakuja, kisha nikawauliza kama watanirudishia damu kwanza.

Mapokezi hawakuwahi kuuliza. Niliwaambia mwenyewe kabla sijakaa, jina la Mama, la Baba, na neno. Karani akasema, "Asante, Mama, tayari ipo hapa." Alishangaa kwa nini nasema kwa sauti.

Figo ni ya mtu aliyefariki ajalini. Niliuliza alikuwa nani, wakasema hawaruhusiwi. Niliuliza angalau alikuwa wa rangi gani, muuguzi akatabasamu, akasema hata hilo. Basi ninaye ndani yangu mtu nisiyejua angeandikwaje. Imeanza kufanya kazi siku ya pili. Kila nikienda chooni wauguzi wanapima na kushangilia kama nimefunga goli. Ule mshipa wa mkononi bado unavuma.

Nilitazamia furaha. Haijafika. Ila jana aliyelazwa kitanda cha jirani alimenya chungwa, na harufu yake ilinipiga puani, nikalitaka. Miaka minne sijataka kitu. Nikamwomba, akanipa vipande viwili. Nilivila polepole, na ndipo nikamlilia Purvis.

Sasa nisikilize, na usinikatize. Wameniambia nisisafiri mpaka Juni. Chukua miadi nyingine ya kliniki, ya Juni, na safari hii usiende peke yako. Nitapanda basi kuja Cleveland. Ukifika pale kwenye kioo utanikuta nimesimama nakungoja, na hutabaki ukutani. Tutaingia kwa mlango mmoja. Karani atakutazama wewe, atanitazama mimi, atajiuliza, na mwache ajiulize. Nitakuita mdogo wangu kwa sauti ya kusikika mpaka nje.

Dada yako,
Corinthia